Y Fro Gymraeg

Y Fro Gymraeg ni jina la Kiwelisi linalotaja maeneo ya magharibi na kaskazini-magharibi ya Welisi ambako Kiwelisi bado ni lugha ya kila siku ya jamii, yaani si lugha ya shule na ofisi tu, bali pia ya nyumbani, dukani, shambani na kanisani. Welisi (kwa Kiwelisi: Cymru) ni mojawapo ya nchi nne zinazounda Ufalme wa Muungano, pamoja na Uingereza, Uskoti na Eire ya Kaskazini.

Eneo hilo halina mipaka rasmi. Kwa kawaida huhesabiwa ndani yake kaunti za Gwynedd, Ynys Môn, Ceredigion na Sir Gaerfyrddin (Carmarthenshire), pamoja na sehemu za kaunti za jirani. Mwanzoni mwa karne ya 20 lilienea karibu nusu nzima ya magharibi ya nchi bila kukatika. Leo limebaki kama vipande vilivyotengana.

Kiwelisi hutajwa mara nyingi kama mfano wa lugha ndogo iliyofaulu kujiokoa. Ina sheria zake, shule zake, redio na televisheni. Hata hivyo vijiji ambako husemwa na watu wengi vinaendelea kupungua, na swali kama lugha inaweza kuishi bila vijiji hivyo ni kati ya maswali makubwa ya siasa ya Welisi.

Jina

Neno "bro" kwa Kiwelisi lina maana ya eneo au sehemu ya nyumbani, na "Cymraeg" ni jina la lugha yenyewe. Katika Kiwelisi herufi ya kwanza ya neno hubadilika kufuatana na neno linalotangulia, kwa hiyo "bro" huwa "fro" na "Cymraeg" huwa "Gymraeg".

Jina hili lilianza kutumika katika miaka ya 1960. Owain Owain, mwanaharakati wa lugha, alichora ramani ya eneo hilo mwaka 1964 akidai kwamba vita ya kuokoa lugha itashindwa au kushinda hapo.

Kiwelisi hutofautisha maneno mawili ambayo Kiingereza huyaunganisha katika moja. "Cymraeg" huhusu lugha, na "Cymreig" huhusu nchi au utamaduni wa Welisi kwa jumla. Kitabu kilichoandikwa kwa Kiingereza kuhusu Welisi kinaweza kuwa "Cymreig" bila kuwa "Cymraeg". Tofauti hiyo ndogo ya herufi imebeba mjadala mrefu juu ya nani ni Mwelisi.

Wawelisi hujiita "Cymry", jina linalotokana na neno la kale lenye maana ya "watu wa nchi moja". Jina la Kiingereza, "Welsh", linatokana na neno la Kigermanik lililomaanisha wageni.

Historia

Biblia na makanisa

Kiwelisi ni lugha ya Kikelti, ndugu wa Kibretoni cha Ufaransa na Kikorni cha Cornwall. Baada ya Welisi kutekwa na mfalme Edward I wa Uingereza katika karne ya 13, wananchi wengi hawakujua lugha nyingine isipokuwa Kiwelisi.

Sheria za miaka 1536 na 1543 za mfalme Henry VIII ziliunganisha Welisi na Uingereza. Kiingereza kilifanywa lugha ya mahakama na utawala, na asiyekijua hakuweza kushika cheo. Tabaka la wenye ardhi lilianza kuhamia Kiingereza, na Kiwelisi kilibaki lugha ya wakulima, mafundi na watu wa kawaida.

Lugha nyingi zilizopoteza watawala wake hivyo zimekufa. Kiwelisi kilisaidiwa na Matengenezo ya Kiprotestanti. Serikali ya Elizabeth I ilitaka Wawelisi wawe Waprotestanti, na hawakuweza kuhubiriwa kwa lugha wasiyoielewa. Agano Jipya lilitolewa mwaka 1567, hasa kwa kazi ya William Salesbury, na Biblia nzima mwaka 1588 kwa kazi ya William Morgan. Kwa hiyo lugha iliyofukuzwa mahakamani ilipata nafasi kanisani, tena ikapata mfumo mmoja wa kuandikwa uliovuka lahaja.

Katika karne ya 18 Griffith Jones, kasisi wa Llanddowror, alianzisha shule za kuzunguka. Walimu walikaa kijijini kwa miezi michache wakati wa baridi, wakafundisha watoto na watu wazima kusoma Biblia kwa Kiwelisi, kisha wakahamia kijiji kingine. Baadaye shule za Jumapili ziliendeleza kazi hiyo. Katika karne ya 19 wengi wa wasemaji wa Kiwelisi walikuwa waumini wa makanisa ya Kiprotestanti yaliyojitenga na Kanisa la Anglikana, kama vile Wamethodisti wa Kikalvini, Wabatisti na Waindependenti. Kanisa la kijiji lilikuwa pia mahali pa kwaya, mijadala na mashindano ya mashairi.

Viwanda

Mapinduzi ya viwanda yalikuwa na athari mbili. Machimbo ya mawe ya kuezekea nyumba huko Bethesda na Blaenau Ffestiniog, na migodi ya makaa ya mawe ya kusini, yaliwapa Wawelisi wa mashambani kazi ndani ya nchi yao. Mchumi Brinley Thomas alidai kwamba kwa njia hiyo viwanda viliokoa lugha, kwa sababu watu ambao wangehamia ng'ambo walihamia mabonde ya kusini wakaenda na Kiwelisi chao. Lakini tangu mwisho wa karne ya 19 migodi ya kusini ilivuta pia maelfu ya wafanyakazi kutoka Uingereza na Eire, na katika mabonde mengi Kiingereza kilishinda katika muda wa vizazi viwili.

Machimbo ya kaskazini-magharibi yalikuwa tofauti: wachimbaji karibu wote walitoka vijiji vya jirani na kazi ilifanyika kwa Kiwelisi. Ndiyo sababu mojawapo ya eneo hilo kuwa imara hadi leo.

Shule na aibu

Mwaka 1847 ripoti ya tume ya serikali juu ya elimu katika Welisi ilitolewa. Makamishna watatu hawakujua Kiwelisi, na waliwahoji watoto wa Kiwelisi kwa Kiingereza. Ripoti ilieleza lugha kuwa kizuizi cha maendeleo na ililaumu pia maadili ya wananchi. Katika kumbukumbu za Wawelisi inaitwa "Brad y Llyfrau Gleision", yaani Usaliti wa Vitabu vya Buluu, kutokana na rangi ya majalada yake.

Katika shule kadhaa za karne ya 18 na 19 palikuwa na adhabu iliyojulikana kama "Welsh Not". Mtoto aliyesikika akisema Kiwelisi alipewa kipande cha ubao kilichotundikwa shingoni, naye alikihamishia kwa mwenzake aliyemsikia akifanya kosa lilelile. Aliyebaki nacho mwisho wa siku aliadhibiwa. Adhabu hiyo haikuwa sheria ya serikali, na mara nyingine iliungwa mkono na wazazi waliotaka watoto wao wajue Kiingereza. Utaratibu wa namna hiyo unajulikana pia Afrika ya Mashariki: mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o ameeleza jinsi wanafunzi wa Kenya wakati wa ukoloni walivyopitishiana kitu cha aibu kwa kosa la kusema Kigikuyu shuleni.

Wengine walitafuta usalama wa lugha mbali na nyumbani. Mwaka 1865 Wawelisi wapatao 150 walisafiri kwa meli Mimosa kutoka Liverpool hadi Patagonia nchini Argentina ili kuanzisha koloni ambako Kiwelisi kingekuwa lugha ya serikali, shule na kanisa. Wapo wazawa wao katika mkoa wa Chubut wanaosema Kiwelisi hadi leo, pamoja na Kihispania.

Takwimu za sensa

Sensa huuliza juu ya Kiwelisi kila miaka kumi tangu 1891, isipokuwa mwaka 1941 ambapo sensa haikufanyika. Idadi na asilimia ya wasemaji zimekuwa hivi:

- 1901: watu 929,824 (takriban 50%)
- 1911: watu 977,366 (43.5%)
- 1931: watu 909,261 (36.8%)
- 1951: watu 714,686 (28.9%)
- 1961: watu 656,002 (26%)
- 1971: watu 542,425 (20.9%)
- 2001: watu 582,368 (20.8%)
- 2011: watu 562,016 (19%)
- 2021: takriban watu 538,300 (17.8%)

Kwa wastani huo hali inaonekana kuwa imetulia tangu miaka ya 1970. Lakini wastani unaficha mambo mawili yanayoenda kinyume. Mwaka 2021 asilimia ya wasemaji ilipanda katika kaunti nne tu, zote za kusini-mashariki, ukiwemo mji mkuu Cardiff (kutoka 11.1% hadi 12.2%). Katika Y Fro Gymraeg ilishuka: Gwynedd kutoka 65.4% hadi 64.4%, Ynys Môn kutoka 57.2% hadi 55.8%, Ceredigion kutoka 47.3% hadi 45.3%, na Sir Gaerfyrddin kutoka 43.9% hadi 39.9%.

Kata zenye wasemaji zaidi ya 70% zilikuwa 92 mwaka 1991, 54 mwaka 2001 na 39 mwaka 2011. Kiwango hicho cha 70% hutumiwa na watafiti kwa sababu inadhaniwa kwamba chini yake watu wawili wasiofahamiana, wakikutana, huelekea kuanza mazungumzo kwa Kiingereza. Hata wasemaji wenyewe huanza kusalimiana kwa Kiingereza kwa kuogopa kumkosea adabu asiyejua Kiwelisi.

Tryweryn

Tukio linalokumbukwa kuliko yote ni kuzamishwa kwa kijiji cha Capel Celyn katika bonde la Tryweryn, karibu na mji wa Bala. Halmashauri ya jiji la Liverpool, lililoko Uingereza, ilitaka maji, ikapeleka mswada wake moja kwa moja katika bunge la London. Kwa njia hiyo haikuhitaji kibali cha halmashauri yoyote ya Welisi. Wabunge wengi wa Welisi waliupinga, lakini ukawa sheria mwaka 1957.

Kijiji kilikuwa na shule, kanisa, ofisi ya posta na mashamba, na wakazi wake walisema Kiwelisi. Waliandamana katika mitaa ya Liverpool bila kufaulu. Makaburi mengine yalihamishwa, mengine yalifunikwa kwa saruji, na mwaka 1965 bwawa lilizinduliwa rasmi huku waandamanaji wakikatiza sherehe. Mwaka 2005 halmashauri ya Liverpool iliomba radhi.

Ukutani mwa nyumba iliyobomoka karibu na Llanrhystud, kando ya barabara ya pwani, pameandikwa maneno "Cofiwch Dryweryn" (kumbukeni Tryweryn). Ukuta huo umeharibiwa na kujengwa upya mara kadhaa, na maneno yake huonekana sasa kwenye nguo, magari na mabango kote nchini, hata katika miji inayosema Kiingereza.

Harakati za lugha

Kuanzia 1952 Trefor na Eileen Beasley wa Llangennech, kijiji ambacho wakazi wake wengi walisema Kiwelisi, walikataa kulipa kodi ya nyumba hadi watakapoletewa hati kwa Kiwelisi. Walifikishwa mahakamani mara nyingi, na madalali wa mahakama walichukua samani za nyumba yao. Mwaka 1960 walipata hati ya lugha mbili.

Tarehe 13 Februari 1962 mwandishi Saunders Lewis alitoa hotuba redioni iliyoitwa "Tynged yr Iaith" (hatima ya lugha). Alisema Kiwelisi kitakwisha mwanzoni mwa karne ya 21 kama mwelekeo hautabadilika, na alitaja mfano wa familia ya Beasley kama njia ya kufuata. Mwaka huohuo ikaanzishwa Cymdeithas yr Iaith Gymraeg (Jumuiya ya Lugha ya Kiwelisi). Wanachama wake walikaa barabarani kwenye daraja la Trefechan mjini Aberystwyth mwaka 1963, wakapaka rangi alama za barabarani zilizoandikwa kwa Kiingereza tu, na wengi walifungwa jela. Jumuiya ilifuata msimamo wa kutomdhuru mtu.

Mwaka 1980 Gwynfor Evans, kiongozi wa chama cha Plaid Cymru, alitangaza kwamba atafunga kula hadi kufa kama serikali ya Margaret Thatcher haitatimiza ahadi yake ya kituo cha televisheni kwa Kiwelisi. Serikali ilirudi nyuma, na kituo cha S4C kilianza kurusha matangazo Novemba 1982.

Sheria na shule

Sheria ya mwaka 1967 iliruhusu Kiwelisi mahakamani. Sheria ya mwaka 1993 iliamuru huduma za umma zitendee lugha zote mbili kwa usawa. Sheria ya mwaka 2011, iliyotungwa na bunge la Welisi lenyewe, ilikipa Kiwelisi hadhi rasmi na kuanzisha cheo cha kamishna wa lugha.

Shule ya msingi ya kwanza inayofundisha kwa Kiwelisi ilifunguliwa Aberystwyth mwaka 1939, ikiwa shule ya binafsi yenye watoto wachache. Ya kwanza chini ya halmashauri ilifunguliwa Llanelli mwaka 1947, na shule ya sekondari ya kwanza huko Rhyl mwaka 1956. Tangu 1971 kuna mtandao wa shule za chekechea. Leo wanafunzi wengi wa shule hizo, hasa kusini-mashariki, hutoka katika nyumba ambako Kiwelisi hakisemwi.

Huko Gwynedd mtoto anayehamia bila kujua Kiwelisi hupelekwa kwanza katika kituo maalumu kwa majuma kadhaa ili ajifunze lugha kabla ya kuendelea na shule ya kawaida. Halmashauri ya Gwynedd ni ya pekee pia kwa kuwa kazi zake za ndani hufanyika kwa Kiwelisi. Kijana anayetaka ajira pale anahitaji lugha. Hivyo Kiwelisi kina thamani mfukoni, si moyoni tu.

Mwaka 2017 serikali ya Welisi ilitangaza lengo la kufikia wasemaji milioni moja ifikapo mwaka 2050.

Nyumba na uhamiaji

Sababu kubwa ya kudhoofika kwa Y Fro Gymraeg leo haiko katika sheria za lugha, bali katika uchumi. Machimbo mengi yamefungwa, mashamba ya kondoo yanahitaji watu wachache, na vijana waliosoma huenda kutafuta kazi Cardiff, Liverpool, Manchester au London. Wakati huohuo pwani na milima yake mizuri huvuta wastaafu na wanunuzi wa nyumba za likizo kutoka miji ya Uingereza, ambao wana fedha kuliko wenyeji.

Mfano unaotajwa sana ni Abersoch katika rasi ya Llŷn, kijiji cha ufukweni chenye nyumba nyingi za likizo. Shule yake ya msingi ilifungwa mwishoni mwa mwaka 2021 baada ya kubaki na watoto wachache mno. Nyumba isiyo na watu wakati wa baridi haipeleki mtoto shuleni, wala mwimbaji kwenye kwaya.

Kati ya mwaka 1979 na mwanzo wa miaka ya 1990 kikundi cha siri kilichojiita Meibion Glyndŵr (wana wa Glyndŵr) kilichoma moto nyumba za likizo zaidi ya 200. Vyama na jumuiya za lugha hazikuwa na mkono katika vitendo hivyo. Siku hizi hatua huchukuliwa kwa njia ya kodi na mipango miji. Tangu Aprili 2023 halmashauri zinaruhusiwa kutoza nyumba za pili nyongeza ya hadi 300% ya kodi ya kawaida. Septemba 2024 ilianza kutumika kanuni iliyomtaka anayegeuza nyumba ya kuishi kuwa ya likizo katika maeneo ya Gwynedd yaliyo chini ya mamlaka ya mipango ya halmashauri awe na kibali.

Jamii zenyewe nazo zimejaribu njia zao. Kijiji tupu cha wachimbaji cha Nant Gwrtheyrn kilinunuliwa na taasisi ya wenyeji mwaka 1978, kikawa kituo cha kufundishia watu wazima Kiwelisi. Katika kijiji cha jirani, Llithfaen, wakazi walinunua baa yao kwa hisa. Kuna pia "papurau bro", magazeti madogo ya mtaa yanayoandikwa na kusambazwa na watu wa kujitolea tangu 1973. Hubeba habari za ndoa, misiba na mashindano, mambo ambayo televisheni ya taifa haiyajui.

Lugha na utambulisho

Mwaka 1985 mtaalamu wa siasa Denis Balsom alipendekeza kuigawa Welisi katika sehemu tatu: Y Fro Gymraeg, ambako watu hujiona Wawelisi na kusema Kiwelisi; mabonde ya kusini, ambako hujiona Wawelisi lakini husema Kiingereza; na sehemu za mashariki na pwani, ambako wengi hujiona Wabritania. Mgawanyo huo bado unatajwa, ingawa uhamiaji na shule vimeuvuruga.

Katika sensa ya 2021 watu 55.2% wa Welisi walijitambulisha kuwa Wawelisi tu, huku wasemaji wakiwa 17.8%. Kwa hiyo Wawelisi walio wengi hawasemi Kiwelisi, na wengi wao hukasirika wakiambiwa kwamba wamepungukiwa. Kwa upande mwingine, mzaliwa wa Gwynedd huweza kuona kwamba utaifa unaoonekana siku ya mchezo wa raga tu haulipii gharama yoyote. Tena wapo wasemaji wenye wazazi kutoka Uingereza, Asia au Afrika, waliojifunza lugha shuleni. Kwao Kiwelisi si suala la damu bali la mahali na jirani.

Pana pia hofu ya kinyume. Mtoto aliyejifunza Kiwelisi shuleni anaweza kukiona lugha ya mwalimu, akakiacha getini. Kati ya watoto wa miaka 5 hadi 15, walioandikwa na wazazi wao kuwa wasemaji walipungua kutoka 40.3% mwaka 2011 hadi 34.3% mwaka 2021.

Hali ya sasa

UNESCO huhesabu Kiwelisi kati ya lugha zilizo hatarini kwa kiwango cha chini. Mwaka 2022 serikali ya Welisi iliunda tume ya kuchunguza hali ya jamii za Kiwelisi. Mwaka 2024 ilipendekeza maeneo yenye wasemaji wengi yatambuliwe rasmi, ili sera za nyumba, ajira, elimu na kilimo zipangwe kufuatana na mahitaji ya lugha. Pendekezo hilo linarudia kwa lugha ya serikali hoja ya ramani ya mwaka 1964: kwamba wasemaji wanaweza kuongezwa popote kwa njia ya shule, lakini mahali ambapo mtoto husikia Kiwelisi bila kufundishwa hapapatikani tena pakishapotea.

Tazama pia

- Welisi
- Kiwelisi
- Lugha za Kikelti
- Kibretoni
- Lugha zilizo hatarini kutoweka